UZI: Odesa, mji wa Bahari Nyeusi uliojengwa kwa pesa za ngano

Nahodha_Nchi_Kavu

Wakuu, salamu kwenu. Tangu vita vya Ukraine vianze, humu ndani tumejadili vifaru, droni na nani kamzidi nani. Jina la Odesa linapita kila mara kwenye taarifa ya habari: bandari imepigwa, maghala yameungua, kisha tunahamia kwenye mpira. Niliahidi uzi wa mji huu siku nyingi, na leo nalipa deni. Siasa zitakuja zenyewe huko mbele, msiziharakishe.

Nina dai moja tu, na mnaruhusiwa kunipinga. Ukitaka kuuelewa Odesa, fuata ngano. Ngazi zake maarufu, jumba lake la opera, mahandaki yaliyo chini yake, hata sababu ya kushambuliwa leo, vyote ukivikuna kidogo utakuta punje za ngano.

Nianze na mwaka 1415, karne karibu nne kabla mji haujaitwa Odesa. Historia iliyoandikwa na Jan Długosz wa Poland inataja bandari ya Kachybei mahali hapo, ambako mfalme wa Poland alipakia nafaka na kuipeleka Constantinople, mji uliokuwa umebanwa na Waturuki. Yaani mara ya kwanza kabisa mahali hapa kuandikwa, habari yenyewe ni meli ya nafaka kwenda kuokoa watu wenye njaa vitani. Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Baadaye Waturuki wakapachukua, pakaitwa Khadzhibey, wakajenga ngome. Septemba 1789 ngome ikaangushwa na kikosi cha José de Ribas, mzaliwa wa Naples mwenye damu ya Hispania, aliyekuwa afisa katika jeshi la Malkia Catherine wa Pili wa Urusi. Wakozaki wa Bahari Nyeusi, wapiganaji kutoka Ukraine, walikuwemo kwenye shambulio hilo, na hili nalitaja makusudi. Mwaka 1794 Catherine akatoa amri pajengwe bandari. Ramani ikachorwa na mhandisi Mholanzi, Franz de Volan: mitaa iliyonyooka, iliyokatana kwa pembe sawasawa, ukisimama njia panda unaona mpaka mwisho. Jina likatolewa kwenye koloni la kale la Wagiriki liitwalo Odessos, na hapo wenyewe walichemka, maana Odessos ile ilikuwa Varna, Bulgaria ya leo. Hakuna aliyejali. Jina lilikuwa tamu, likabaki.

Ninaendelea chini. Waliochukua viti vya mbele wasinyooshe miguu.

Mla_Chapati

Kiti cha mbele nimeshachukua mkuu, na chai ninayo. Tiririka.

Shahidi_wa_Mbali

Mkuu umeandika mwenyewe kwamba Catherine ndiye aliyetoa amri. Sasa si ndiyo hoja ya Warusi hiyo? Kwamba Odesa ni mji wao, waliujenga kutoka sifuri?

Nahodha_Nchi_Kavu

Shahidi, nilijua utakuja, sikutegemea uwe wa pili. Subiri kidogo, kwanza uone nani waliujenga.

Mwaka 1803 akateuliwa gavana ambaye hakuwa Mrusi. Alikuwa Mfaransa, Armand-Emmanuel du Plessis, Duke wa Richelieu, wa ukoo wa yule Kardinali Richelieu. Alikimbia mapinduzi ya Ufaransa akaajiriwa na Urusi. Alipofika alikuta vumbi na watu wasiofika 10,000. Alipanda miti, akaita walowezi wa kila aina, akajenga thieta mwaka 1810 wakati mji haujawa hata na maji ya uhakika. Ukiniuliza, huyo ndiye aliyeipa Odesa tabia yake: starehe kwanza, mabomba ya maji baadaye.

Mwaka 1812 tauni ikaingia kupitia bandarini. Ilikula zaidi ya watu 2,000 katika mji ambao bado ulikuwa mdogo. Richelieu akaufunga mji, watu wakazuiwa majumbani, chakula wakapelekewa milangoni. Sisi tuliopita Korona tunaelewa. Waliokufa walizikwa kwenye kilima kiitwacho Chumka, nacho bado kipo. Mwaka 1814 alirudi Ufaransa, na mwaka uliofuata akawa waziri mkuu wa huko. Huko nyuma aliacha mji wenye watu zaidi ya 30,000.

Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1828, kazi ya Ivan Martos. Bwana mkubwa kavishwa joho la Kirumi, mkono mmoja kaunyoosha kuelekea bandarini. Wenyewe wanamwita Duke tu, kama jirani yao. Na watu wa Odesa kwa utani hawajambo: wanakwambia ukitaka kumwona vizuri, simama juu ya mfuniko wa chemba ulio pembeni, halafu mtazame. Kutoka pale, ile karatasi aliyokunja mkononi inaonekana kama kitu kingine kabisa, kitu ambacho gavana hapaswi kukionesha hadharani. Watalii wote wanapelekwa kwenye chemba ile. Sitafafanua zaidi, humu wamo watoto.

Kwenye kitako cha sanamu hiyo kuna alama ya tundu la risasi ya mzinga. Aprili 1854, katika Vita vya Krimea, manowari za Uingereza na Ufaransa ziliupiga mji. Wakaazi hawakuziba lile kovu kimya kimya, waliliwekea kipande cha chuma chenye umbo la risasi ya mzinga ili kila apitaye aone. Mwezi uliofuata meli ya kivita ya Kiingereza, Tiger, ikakwama kwenye ukungu jirani na mji na kuchomwa moto. Mzinga wake mmoja leo umewekwa barazani kwenye bulevadi, karibu na jumba la halmashauri ya jiji.

Sasa ngano. Mwaka 1819 Odesa ikafanywa bandari huru. Bidhaa ziliingia bila ushuru, mradi zisivuke mpaka wa mji. Mpaka wenyewe ulikuwa handaki lililochimbwa kuuzunguka mji, na hadi leo kuna mtaa unaopita palepale ukiitwa Staroportofrankivska, yaani bandari huru ya zamani. Hariri ya Ufaransa, mvinyo wa Ugiriki, matunda ya Italia, vyote bei chee ndani ya handaki, ghali nje yake. Mnajua kilichofuata.

Mpiga_Debe_Mstaafu

Magendo!

Nahodha_Nchi_Kavu

Magendo ya kiwango cha juu, mzee wangu. Na ndiyo tunaingia kwenye kivutio ninachokipenda kuliko vyote: mahandaki ya chini.

Odesa haina msitu wala mlima. Ina jiwe moja tu, la chokaa la rangi ya manjano lililojaa magamba ya kombe, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Mji ulipokuwa unakua kwa kasi, watu walichimba jiwe chini na kulijengea nyumba juu. Nyumba ikipanda, shimo linarefuka. Matokeo yake leo chini ya Odesa na viunga vyake kuna njia zinazokadiriwa kufika kilomita 2,500. Sijakosea sifuri. Ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma kwa reli na kurudi, tena gizani, bila ramani kamili.

Wafanya magendo walizipenda njia hizo kwa sababu ya kiuhasibu tu: unaingiza mzigo upande huu wa mpaka wa bandari huru, unaibukia upande wa pili bila kulipa kitu. Baadaye, Vita Kuu ya Pili, wapiganaji wa chinichini waliishi humo ndani wakiwavizia wavamizi. Kijijini Nerubaiske kuna makumbusho yao, unaingia na mwongozo, unaona mahali walipolala na walipopikia. Na tangu 2022 baadhi ya njia hizo na maghala ya chini ya nyumba yamekuwa mahali pa kukimbilia king'ora kinapolia.

Rudini juu. Ngano ililetwa na wachukuzi walioitwa chumaki, kwa mikokoteni ya ng'ombe, kutoka nyika za ndani ya Ukraine, safari ya majuma. Msimu wa mavuno misururu ya mikokoteni iliziba barabara zote za kuingia mjini. Wafanyabiashara walijenga maghala ya nafaka yenye sura za majumba ya kitajiri, nguzo na madirisha ya urembo, ndani ni magunia ya ngano tu hadi darini. Ghala moja la tajiri wa Kipolandi aliyeitwa Sabański lilikuwa kubwa kiasi kwamba baadaye liligeuzwa kambi ya jeshi. Uingereza ilipofuta sheria zake za kuzuia nafaka ya nje mwaka 1846, soko likalipuka. Mkate wa mfanyakazi wa kiwandani Uingereza ulianza kutegemea mkulima wa nyika za Ukraine, ambaye wakati huo wengi wao walikuwa watwana wa mabwana wenye ardhi. Hilo nalo lisemwe. Utajiri wa mji ule ulibebwa na migongo ya watu wasiokuwa huru hadi 1861.

dada_wa_kisauni

Mkuu samahani nakukatisha. Ukisema "wafanyabiashara" unamaanisha akina nani? Warusi hao hao?

Nahodha_Nchi_Kavu

Asante dada, swali lako ndilo jibu langu kwa Shahidi.

Wagiriki walishika biashara ya ngano mwanzoni kabisa. Waitaliano walishika uwakala wa meli, na Kiitaliano kilikuwa lugha ya bandari kwa miongo. Mwaka 1814 Wagiriki watatu walikaa Odesa wakaunda chama cha siri kiitwacho Filiki Eteria, na chama hicho ndicho kilichopanga mapambano ya uhuru wa Ugiriki yaliyolipuka 1821. Nyumba inayohusishwa nao bado ni makumbusho, ipo kwenye kichochoro kimoja katikati ya mji. Yaani Ugiriki ya leo ilitungwa mimba Odesa, kwenye ofisi za wauza ngano.

Baadaye Wayahudi wakachukua sehemu kubwa ya biashara hiyo. Sensa ya 1897 ilikuta watu zaidi ya 403,000, mji wa nne kwa ukubwa katika himaya ya Urusi nyuma ya St Petersburg, Moscow na Warsaw. Karibu theluthi moja yao walikuwa Wayahudi. Kulikuwa na Wapolandi, Wajerumani, Waarmenia, Wabulgaria, Watatari, na Waukraine kwenye vitongoji na kwenye mikokoteni. Mitaa imebeba ushahidi hadi sasa: Mtaa wa Wagiriki, Mtaa wa Wayahudi, na Bulevadi ya Wafaransa kule kwenye majumba ya kitajiri ya ufukweni.

Basi Shahidi, karatasi ya amri ilisainiwa na Catherine, sikatai. Lakini ngome iliangushwa na Mnapoli na Wakozaki, ramani ikachorwa na Mholanzi, ukaongozwa na Mfaransa, na kulishwa na mkulima Muukraine. Mwenye muhuri si lazima awe mwenye nyumba. Na ukitaka sheria ya kimataifa, kura ya uhuru ya Desemba 1991 ilipigwa pia mkoa wa Odesa, na wengi wao wakasema ndiyo kwa Ukraine.

Shahidi_wa_Mbali

Hapo kwenye kura nimekuelewa. Kwenye lugha bado, wengi wa Odesa wanazungumza Kirusi.

Nahodha_Nchi_Kavu

Wanazungumza, na Kirusi chao kina lafudhi na maneno ya Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya) na Kiukraine kiasi kwamba Mmoscow akikisikia anacheka. Mtu kuzungumza lugha fulani hakumfanyi awe mali ya nchi fulani. Sisi tunaoandika Kiswahili kutoka nchi nne tofauti kwenye uzi mmoja tungekuwa wa mwisho kulisema hilo.

Mla_Chapati

Ngazi mkuu. Tuletee zile ngazi za kwenye filamu.

Nahodha_Nchi_Kavu

Ngazi za Potemkin. Mji umekaa juu ya mwamba, bandari ipo chini. Gavana mkuu Mikhail Vorontsov akaagiza zijengwe ngazi za kuunganisha viwili hivyo, mchoraji akiwa Francesco Boffo, Mtaliano. Ujenzi ulianza 1837 ukamalizika 1841. Zilikuwa na vidato 200, sasa 192, kwa sababu vinane vilimezwa chini wakati bandari ilipopanuliwa. Urefu wake ni mita 142.

Ujanja wake sasa. Juu upana ni kama mita 12.5, chini ni mita 21.7. Zinatanuka kadiri zinavyoshuka. Ukisimama chini ukaangalia juu, unaona ngazi ndefu zisizoisha, kwa sababu jicho linadanganywa na ule mtanuko. Ukisimama juu ukaangalia chini, vidato vyote vinapotea, unaona vile vibaraza kumi vya kupumzikia tu, kama vile ngazi hazipo. Mgeni anayefika kwa meli anaona mji umemwinukia. Boffo alijua hasa anachokifanya. Mawe ya kwanza yaliletwa kutoka Trieste, lakini yakalika, mwaka 1933 yakabadilishwa kwa matale ya hukohuko Ukraine. Kwa wasiotaka kupanda, pembeni kuna kigari cha kuvutwa kwa kamba tangu 1902.

Jina la Potemkin limekuja baadaye kabisa. Juni 1905 mabaharia wa manowari iitwayo Potemkin waliasi kwa sababu ya nyama iliyooza, wakatia nanga Odesa, mji ukiwa kwenye migomo. Askari waliua watu wengi bandarini. Mwaka 1925 Sergei Eisenstein akatengeneza filamu yake, Battleship Potemkin, akaweka mauaji yale kwenye ngazi: askari wanashuka kwa mstari, mama anaanguka, kigari cha mtoto kinateremka peke yake. Mauaji ya namna ile, kwa mpangilio ule, hayakutokea kwenye ngazi zile. Lakini picha imekuwa na nguvu kuliko tukio, na mwaka 1955 utawala wa Kisovieti ukazipa ngazi jina la manowari.

Mpiga_Debe_Mstaafu

Kwa hiyo watu wanalia mbele ya ngazi kwa kitu ambacho hakikutokea?

Nahodha_Nchi_Kavu

Wanalia kwa ajili ya kigari, mzee. Kwa yaliyotokea kweli hawalii sana, na hapo nina ugomvi nao kidogo. Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya manowari ile, makundi ya watu yaliwavamia Wayahudi wa Odesa na kuua wasiopungua 400. Haikuwa mara ya kwanza: ilitokea 1821, 1859, 1871 na 1881. Huo mji wa starehe na utani ulikuwa pia mji wa hilo.

Kisha 1941. Jeshi la Rumania, likishirikiana na Ujerumani, liliuzingira mji kuanzia Agosti, ukaanguka Oktoba 16. Siku sita baadaye bomu lililotegwa na Wasovieti likalipua makao makuu ya Waromania. Kisasi kikawaangukia Wayahudi. Walinyongwa barabarani, wakapigwa risasi, wakafungiwa kwenye maghala na kuchomwa moto. Katika siku chache waliuawa zaidi ya 25,000. Maghala, wakuu. Walionusurika wakaswagwa kwa miguu kwenda kambi za mashambani, wengi wakafia huko. Mji ulikombolewa Aprili 10, 1944, na mwaka uliofuata ukapewa cheo cha Mji Shujaa.

Kitongoji cha Moldavanka, alikozaliwa mwandishi Isaac Babel mwaka 1894, kilikuwa cha Wayahudi maskini, wachukuzi na majambazi wenye heshima zao. Babel aliwaandika vizuri mno hata majambazi wenyewe wakapata mashabiki. Stalin alimuua kwa risasi mwaka 1940. Sanamu yake mjini ilizinduliwa 2011, mtu mnene kidogo kakaa kwenye ngazi na daftari, mawazo yako mbali.

dada_wa_kisauni

Sikujua habari za maghala hayo. Inauma.

Mimi wa Mombasa nakumbuka Waukraine kwa sababu ya ile meli ya vifaru. Ilikuwa ya Odesa?

Nahodha_Nchi_Kavu

Faina! Kumbukumbu nzuri. Ilitekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 aina ya T-72, ikielekea kwenu Mombasa. Ilipakia Mykolaiv, bandari jirani ya Odesa upande wa mashariki. Iliachiwa Februari 2009 ikaingia Kilindini, mji mzima ukaenda kutazama. Ubishi wa mzigo ule ulikuwa wa Kenya au wa Sudan Kusini nawaachia wenyewe.

kongwa_junior

Kuna kiungo kingine umekisahau, na kinatuhusu sisi wa Dodoma. Wapigania uhuru wa ANC waliokuja kuanzisha kambi ya Kongwa mwaka 1964, wengi wao walikuwa wametoka mafunzoni Odesa. Babu zetu waliwaona wakishuka. Vijana wa Afrika Kusini walipita Dar es Salaam, wakapanda ndege kwenda Umoja wa Kisovieti, wakafundishwa kijeshi Odesa mwaka 1963 na 1964, wakarudishwa Tanzania. Kongwa ndipo walipowekwa wakisubiri njia ya kwenda nyumbani.

Nahodha_Nchi_Kavu

Kongwa_junior umenipiga bao, na nashukuru. Ni kweli tupu. Mamia ya wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, walipita Odesa. Wasomaji wanaodhani habari za Odesa ni za Wazungu peke yao waisome hiyo mara mbili.

Tumalizie majengo, maana usiku unaenda. Ile thieta ya Richelieu iliungua 1873. Jumba jipya la opera likafunguliwa 1887, kazi ya wachoraji wa Vienna, Fellner na Helmer, waliotapakaza majumba ya opera Ulaya nzima. Dhahabu ndani, vinara vya taa, ukumbi wa umbo la kwato ya farasi. Lilijengwa juu ya udongo ule laini na kwa miaka likawa linadidimia upande mmoja, wakalitia nguzo chini ili lisimame. Tangu 2022 limewahi kuzungushiwa viroba vya mchanga mbele, na maonesho yakaendelea ndani. King'ora kikilia watazamaji wanashuka kwenye hifadhi, kikinyamaza wanarudi kusikiliza kilichobaki.

Kanisa kuu la Kugeuka Sura lilianzishwa mji ulipoanza, likabomolewa na Wasovieti 1936, likajengwa upya baada ya uhuru na kumalizika 2003. Julai 23, 2023 kombora la Urusi likaingia hadi kwenye altare. Kanisa hilo lilikuwa, wakati huo, chini ya jumuiya iliyofungamana kihistoria na Moscow. Na miezi sita tu kabla, Januari 25, 2023, UNESCO ilikuwa imeuandika mji wa kale wa Odesa kwenye Urithi wa Dunia, na siku hiyohiyo ukaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Mtaa wa Deribasivska ndio wa kutembea jioni, umepewa jina la yule de Ribas. Soko la Pryvoz lipo tangu 1827, samaki na jibini na matusi ya kirafiki. Nje ya mji kuna soko la Kilomita ya Saba, lililoanza mwaka 1989, ambalo maduka yake ni makontena ya meli yaliyopangwa kwa maelfu. Aprili mosi ni siku ya tamasha la kucheka, lilianza 1973. Waliozoea Kariakoo watajisikia nyumbani kwenye Kilomita ya Saba kuliko kwenye opera.

Mpiga_Debe_Mstaafu

Na ngano ya sasa? Ulituahidi tutairudia.

Nahodha_Nchi_Kavu

Februari 2022 bandari zilifungwa, mabomu ya baharini yakategwa, magunia yakabaki maghalani. Bei ya unga ikapaa mpaka kwetu, mama ntilie ni mashahidi. Julai 22 mwaka huo Istanbul kukasainiwa mkataba wa nafaka chini ya Umoja wa Mataifa na Uturuki. Kesho yake makombora yakapiga bandari ya Odesa. Hata hivyo Agosti mosi meli ya kwanza, Razoni, ikaondoka na tani 26,000 za mahindi. Katikati ya mwezi huo Brave Commander ikatoka bandari jirani ya Pivdennyi na tani 23,000 za ngano ya msaada kwa Ethiopia, ikipitia Djibouti. Linganisheni na ile meli ya 1415.

Mkataba ulisafirisha karibu tani milioni 33 ndani ya mwaka mmoja, kisha Urusi ikajitoa Julai 17, 2023. Wiki hiyohiyo ndipo maghala na lile kanisa vikapigwa. Ukraine ikafungua njia yake yenyewe: meli zinakumbatia pwani, zinaingia maji ya Rumania, halafu Bulgaria, mpaka Bosporus. Ziliweza kwa sababu manowari za Urusi zilikuwa zimesukumwa mbali, kwa makombora na droni za baharini, na nchi ambayo haikuwa na manowari kubwa hata moja ya maana.

Shahidi_wa_Mbali

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nimesikia wanang'oa sanamu. Catherine wamemng'oa, na yule mshairi Pushkin wanataka kumng'oa pia. Pushkin si ndiye yule mwenye damu yetu?

Nahodha_Nchi_Kavu

Catherine wa shaba alisimamishwa 1900, Wabolsheviki wakamwondoa 1920, akarudishwa 2007, akashushwa tena mwishoni mwa Desemba 2022. Bibi kashuka na kupanda kuliko abiria wa daladala.

Pushkin ni kesi nyingine. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akapitia Constantinople, akafika kwa Tsar Peter na kuwa jenerali. Pushkin alihamishiwa Odesa kwa adhabu Julai 1823, akakaa mwaka mmoja na ushee, akafanya kazi ofisini kwa Vorontsov. Hawakuelewana hata siku moja. Vorontsov akamtuma mshairi mkubwa kuliko wote wa Urusi akachunguze nzige mashambani. Jamaa aliona amedhalilishwa, na watu wakaongeza kwamba mke wa Vorontsov naye alikuwemo kwenye mgogoro. Agosti 1824 alikuwa hayupo tena mjini. Sanamu yake mbele ya jumba la halmashauri ni ya 1889, ilichangiwa na wananchi. Watu husimulia kwamba wakubwa wa jiji walikataa kutoa pesa, ndiyo maana kawapa mgongo. Mwaka 2023 ilipita sheria ya kuondoa alama za ukoloni wa Urusi, na 2024 mtaa wa Pushkin ukarudishiwa jina lake la kale, Mtaa wa Italia.

Msimamo wangu: Catherine alikuwa alama ya dola, ashuke. Pushkin alikuwa mfungwa wa dola hiyohiyo, tena kalipiwa na watu wenyewe, abaki.

kongwa_junior

Abaki. Tena waandike chini yake habari za Gannibal.

dada_wa_kisauni

Mimi napingana nanyi wote wawili. Aliyepigwa kombora kanisani hana wajibu wa kutunza mshairi wa aliyempiga, hata kama mshairi ni ndugu yetu. Waamue wao, nasi tunyamaze.

Shahidi_wa_Mbali

Leo dada kanizidi hata mimi kwa ukali.